Daftari la Korongo

Ng'ambo ya bahari ya magharibi iko nchi ambayo lango lake hulindwa na sanamu ya mwanamke aliyeinua mwenge. Mji wake mkubwa umekaa juu ya visiwa, mito inaubana huku na huku, na majumba yake ni marefu hata siku za ukungu vilele havionekani. Wakazi wake ni wanyama na ndege wa kila jinsi, wengi wao wageni au watoto wa wageni, na desturi yao tangu enzi za babu zao ni kwamba anayeshuka gatini mikono mitupu hutafuta kwanza kibanda, au meza, au hata kona ya baraza la mwenzake, akauze alichozoea kukipika au kukishona huko atokako. Hivyo ndivyo mji ule ulivyojengwa. Liwali wao haishi mjini. Yeye na wazee wa baraza na makarani wao hukaa mbali kaskazini, ukiufuata mto hadi mawimbi ya bahari yasahaulike, na kutoka huko huandika kanuni zinazoteremka hadi vibandani.

Miongoni mwa walioshuka kwa desturi hiyo alikuwamo Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga wanne, aliyefua nguo za watu miaka kadhaa huku akicheza upatu na wanawake wa mtaa wake. Zamu yake ilipofika, mwezi wa sita wa mwaka wa 19 kwa hesabu ya nchi ile, akapanga kibanda kando ya kituo cha treni za chini ya ardhi, akanunua chuma cha vitumbua chenye mashimo saba, akaanza kazi. Mchele aliuloweka tangu jioni. Saa tisa za usiku akausaga kwa tui na iliki, akautia hamira, akauacha uumuke huku akipasi sare za shule. Kulipopambazuka, harufu ilikuwa imekwisha kushuka ngazi hadi kwenye reli, na abiria waliokuwa wakipanda walijikuta wamepanga foleni kabla hawajaamua kama wana njaa.

Nchi ile huhesabu mali kwa mtama, na pishi elfu moja hufanya ghala moja. Miezi saba ya kwanza Bi Kanga alipata pishi 4 kwa mwezi. Mwaka ulipogeuka, wateja walipokwisha kumzoea, zikafika 6. Kodi ya pango alimlipa Mamba, mwenye nyumba, kila tarehe mosi bila kukumbushwa, ushuru wa mji akaulipa, na stakabadhi zote akazitunza ndani ya kopo la hamira lililokwisha kazi yake. Naomba msomaji alikumbuke kopo hilo, maana mwanamke huyu hakuwa mtu wa kufanya mambo kienyeji, na yaliyomfika hayakutokana na uzembe wake.

Mwezi wa tatu wa mwaka wa 20 likaingia gonjwa la pumzi. Lilianza kama mafua ya nyumba moja, na kabla mwezi haujaandama tena likawa msiba wa mji mzima. Ving'ora vya wabeba wagonjwa vililia usiku kucha, makaburi yakazidiwa, na walio hai wakaamriwa wakae ndani, kila mmoja katika tundu lake. Liwali akafunga masoko, vinyozi, migahawa na majumba ya ngoma, na hakuna mwenye akili aliyemlaumu, kwa sababu pumzi ya jirani ilikuwa imegeuka sumu. Treni za chini ya ardhi zikawa zinapita tupu. Bi Kanga akafungua siku tatu kwa wiki, halafu mbili, akiwauzia wauguzi waliotoka zamu. Tangu mwezi ule wa tatu hadi mwaka ulipokwisha, miezi kumi mizima, akapata pishi 12 kwa jumla. Na Mamba hakupunguza kodi.

Aliyetangulia kutoa msaada alikuwa Sultani mkuu, ambaye Liwali ni mmoja tu katika maliwali wake. Sharti lake lilieleweka hata na mtoto: aliyekuwa na biashara hai katikati ya mwezi wa pili wa mwaka wa 20, siku chache kabla ya gonjwa kutanda, na aje. Hapo Bi Kanga alistahili. Lakini mtama ule ulipitishwa mikononi mwa fisi wanaotunza akiba za matajiri, na fisi humwita kwanza anayemjua kwa jina. Shehena ya kwanza ikaisha kwa siku 13. Ilipoletwa nyingine, Bi Kanga akaambulia konzi, akamlipa Mamba kodi ya miezi miwili, konzi ikaisha. Panya nao hawakulala: walijiandikia vibanda ambavyo havikuwahi kujengwa, na vijakazi ambao hawakuwahi kuzaliwa, wakabeba kwa magunia. Habari za panya zikaenea nchi nzima, zikawatia hofu makarani wa kila liwali, na hofu hiyo ndiyo iliyozaa mambo ninayoyasimulia.

Mwaka wa 21, gonjwa lilipoanza kulegea, Liwali na wazee wa baraza wakatangaza jambo jema kabisa. Maghala 800 ya mtama yatafunguliwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo wa nchi yao, si mkopo bali ruzuku, kila mmoja apate kuanzia pishi 5 hadi pishi 50 kwa kadiri ya biashara yake. Ngoma zikalia. Wazee walitaja mmoja mmoja wale waliowakusudia: muuza maua wa pembeni, fundi viatu, kinyozi, mama mwenye meza ya chakula. Naamini walisema kweli, na nia yao ilikuwa safi. Baada ya kutangaza wakainuka kwenda kula, na kazi ya kuandika nani anastahili wakamwachia Karani Korongo.

Korongo alikuwa ndege mwaminifu. Hakuwahi kuiba punje, wala kuchelewa kazini, na daftari zake zilikuwa safi kuliko za karani yeyote kabla yake. Alisimama kwa mguu mmoja mbele ya meza yake usiku ule, akajiuliza swali ambalo karani yeyote angejiuliza: nitajuaje kwamba huyu ameumizwa na gonjwa, na si mvivu tu, wala si panya? Akajijibu kwamba maumivu ya biashara huonekana ukilinganisha mwaka wa gonjwa na mwaka wa kabla ya gonjwa. Basi akachora kurasa mbili, wa kushoto mwaka wa 19, wa kulia mwaka wa 20. Akaandika kwamba atakayepewa ni yule ambaye mapato ya ukurasa wa kulia yamepungua kwa robo au zaidi chini ya yale ya kushoto. Akaandika kwamba mapato ya kushoto yasiwe chini ya pishi 25 wala yasizidi 500. Kisha akaona kwamba ukurasa wa kushoto hautapendeza ukiwa na miezi mitupu, na kwamba mwenye miezi mitupu atamharibia hesabu. Basi akaongeza sharti la mwisho, fupi, kwa wino uleule: biashara iwe imeanza kabla ya siku ya kwanza ya mwezi wa tatu wa mwaka wa 19, na iwe hai hadi siku ya kuomba.

Tarehe hiyo inahitaji kutazamwa kwa makini. Sultani aliweka mpaka wake mlangoni mwa gonjwa. Korongo akauweka mwaka mmoja nyuma ya mlango. Katikati ya mipaka hiyo miwili palikuwa na karibu miezi kumi na miwili, na ndani ya miezi hiyo maelfu ya viumbe wa nchi ile walikuwa wamekodi, wamepaka rangi, wamenunua majiko na cherehani, wamelipa leseni, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amelisikia jina la gonjwa. Wazee walipoulizwa baadaye kwa nini tarehe ile, wakajibu, kwa sababu ya panya. Jibu hilo lilikubalika na kila aliyekuwa barazani, kwa kuwa panya walikuwapo kweli na wameiba kweli.

Bi Kanga alipopata habari alifungasha kopo lake la stakabadhi, akawaacha vifaranga kwa jirani yake Ngedere, kinyozi aliyefungua duka mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa 19, akaenda hadi dirisha la bohari. Foleni ilikuwa ndefu na wote walikuwa wamefunika midomo. Alipofika mbele, Korongo akapokea karatasi zake kwa heshima, akazipanga, akazipitisha moja moja chini ya mdomo wake mrefu.

"Bibi," akasema, "sijaona karatasi zilizotunzwa hivi mwezi huu mzima. Ushuru umelipa, leseni ni halali, kodi huna deni isipokuwa la miezi ya gonjwa. Lakini umefungua mwezi wa sita. Ungelitangulia miezi minne tu, ungepita."

"Mwezi wa pili sikuwa nimepata zamu yangu ya upatu, Bwana Karani."

"Nasikitika. Sharti hili ni la kuwazuia panya, wasije wakaanzisha vibanda vya uongo kwa kunusa mtama."

Bi Kanga akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ambayo waliokuwa nyuma yake wote waliisikia: "Bwana Karani, mimi nilifungua miezi tisa kabla ya gonjwa. Mtama mmeutangaza miezi mingi baada yake. Niambie, ni panya gani huyo anayeamka saa tisa za usiku miezi tisa mfululizo, akasaga mchele na kuchoma vitumbua kwa ajili ya kungojea tauni ambayo hata waganga wenu hawakujua kuwa inakuja?"

Korongo akabadilisha mguu. Alilifikiria swali lile, maana hakuwa mjinga, na nasikia kwamba aligeuza kurasa za daftari lake mbele na nyuma akitafuta mahali pa kuliweka. Mwishowe akasema, "Sina mahali pa kulinganishia, Bibi. Mwaka wako wa 19 si mwaka kamili." Akamrudishia karatasi zake zikiwa zimepangwa vizuri kuliko zilivyokuja, akamwita anayefuata.

Aliyefuata alikuwa Mzee Kiboko, mwenye mgahawa wa samaki uliokuwapo gatini miaka ishirini. Mwaka wa 19 aliingiza pishi 400, mwaka wa 20 pishi 280. Upungufu ulizidi robo, kurasa zote mbili zilijaa, na kwa kuwa ruzuku ya biashara kama yake ilikuwa sehemu moja ya kumi ya mapato, akaandikiwa pishi 40. Alistahili, na mtu asinielewe vibaya: Kiboko alikuwa amezika ndugu wawili na kufunga nusu ya meza zake, na mtama ule ulimwokoa. Hata yeye alipopita karibu na Bi Kanga aliinamisha kichwa na kumwambia, "Pole, mwanangu. Mbona mimi nilidhani wewe ndiwe uliyetajwa na wazee siku ile ya ngoma?"

Usiku ule, wakati wa kusaga, akatokea Bundi. Alikuwa mjumbe wa baraza, lakini ni nadra kupewa nafasi ya kusema, kwa sababu wengi humwona kuwa na uchuro na hufunga dirisha wasikiapo sauti yake. Yeye huzunguka saa ambazo wajumbe wengine wamelala, ndiyo maana anajua ni taa zipi huwaka. Akaomba kuziona karatasi zilizorudishwa. Bi Kanga akanyunyiza unga wa mchele mezani, akautandaza kwa ubawa, na Bundi akachora kwa ukucha.

Kwanza akachora hesabu ya Korongo. Mwaka wa 19, miezi saba ya pishi 4, jumla 28. Mwaka wa 20, miezi miwili ya mwanzo ya pishi 6, jumla 12, na miezi kumi ya gonjwa, pishi 12 nyingine, jumla 24. "Unaona, Bi Kanga," akasema, "kwa kurasa zake umepoteza pishi 4 tu katika 28. Haijafika robo. Hata wangekusamehe tarehe, ungeanguka hapa, kwa sababu mwaka wako wa kwanza ulikuwa nusu na biashara ilikuwa bado inatambaa." Kisha akaufuta unga, akachora upya, mara hii kwa mwezi. Kabla ya kufungwa kwa masoko, pishi 6. Baada ya kufungwa, pishi moja na kidogo. "Na kwa hesabu hii," akasema, "umepoteza sehemu nne katika tano. Mzee Kiboko hakufika hata theluthi."

Bi Kanga akaitazama michoro ile kwa muda mrefu. Mwaka mzima alikuwa akiambiwa na wapita njia kwamba amejaribu tu na biashara haikumpenda, kwamba ndivyo vibanda vipya vilivyo, vingi hufa vyenyewe. Na yeye mwenyewe, saa ambazo usingizi haukuja, alikuwa ameanza kuamini. Akachukua kipande cha karatasi ya kufungia vitumbua, akanakili mstari kwa mstari, akakitia ndani ya kopo.

Bundi akapanda kaskazini, akasimama barazani, akaeleza yote. Akasema kwamba biashara changa huumia zaidi kwa kuwa haina akiba, haina wateja wa kudumu wala fisi anayeijua kwa jina, na kwamba kuipima kwa mwaka ambao haikuwapo ni kuinyima kwa kosa la kuwa changa. Akapendekeza mambo mawili mepesi: mpaka uletwe mlangoni mwa gonjwa kama alivyofanya Sultani, na aliyefungua katikati ya mwaka apimwe kwa mwezi. Wajumbe wakamsikiliza kwa adabu, kisha mmoja akauliza kama kuna kanuni yoyote ya nchi jirani inayofanana na hiyo, mwingine akauliza itachukua kurasa ngapi, na wa tatu, aliyekuwa amefumba macho, akasema kwamba bundi akilia mchana lazima pana msiba. Wakaahirisha.

Hapo kukatokea jambo ambalo waliolishuhudia hawalisahau. Miezi ikapita, na maghala hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Mtama ulikuwa mwingi na waliofaulu masharti walikuwa wachache. Watunzaji wakawa wanaugeuza kwa sepetu usiingiwe na fukusi. Katikati ya mambo hayo Liwali akatoka kwa sababu zisizohusu hekaya hii, akakalia kiti Ndovu jike, mchapakazi, aliyeona mara moja kwamba bohari iliyojaa mbele ya soko lenye njaa ni aibu kwa serikali yake. Akaagiza mlango upanuliwe. Na Korongo, kwa utiifu, akaupanua kwa upande wa juu: badala ya mapato ya pishi 500, sasa hata mwenye pishi 2,500 aliruhusiwa; na kikomo cha waliokwisha kuchota kwa Sultani kikapandishwa kutoka pishi 100 hadi 250. Wakubwa zaidi wakaingia. Tarehe haikuguswa. Ilikuwa rahisi kumwita mnene aliyekuwa nje ya kipimo kuliko kuongeza ukurasa mmoja katika daftari kwa ajili ya wachanga, kwa sababu mnene alikuwa na mwaka kamili.

Watu wazima wenye elimu wakaipitisha hatua hiyo, na siku ilipotangazwa waliisifu kuwa ni huruma. Siwezi kulisimulia jambo hili bila uchungu. Mtama ulikuwapo. Wenye njaa walikuwapo, wakiwa na stakabadhi mikononi. Kati ya viwili hivyo palikuwa na mstari mmoja wa wino ambao aliyeuandika angeweza kuufuta kabla chai yake haijapoa.

Ngedere kinyozi alifunga kwanza. Akafuata Kindi aliyekuwa akiuza njugu na vitabu vya watoto, akafuata Pono na duka lake la nyavu. Bi Kanga alishikilia hadi mwanzo wa mwaka wa 22. Mamba alipodai malimbikizo yote kwa mkupuo, akauza jiko, akauza meza, na chuma cha vitumbua akakinunua mwanamke wa mtaa wa pili ambaye hakujua hata kukipaka mafuta kisishike. Bi Kanga akamfundisha papo hapo, akimwonyesha namna ya kuzungusha kijiti pembeni ya kila shimo kabla kitumbua hakijakauka juu, kisha akapokea malipo yake na kuondoka. Mzee Kiboko akampa kazi jikoni kwake, kuparua samaki. Alimlipa vizuri, lakini hakuwa na nafasi ya vitumbua katika orodha ya vyakula vyake.

Katika mwaka huohuo, mvua za vuli za nchi ile zikiwa zinakaribia, ngoma zikalia tena. Ndovu na wazee walikuwa wametambua hatimaye kwamba wachanga waliachwa nje, wakatenga maghala 200 kwa ajili yao peke yao. Ni haki kulisema hili, kwa sababu nchi nyingi nyingine hazikufika hata hapo. Safari hii aliyeanza tangu mwezi wa tisa wa mwaka wa 18 na kuendelea aliruhusiwa, alimradi awe amefanya biashara angalau miezi sita. Kiwango kilikuwa pishi 5 hadi 25. Kikomo cha wachanga kilikuwa nusu ya kile cha wakongwe. Tarehe ya kufungua iliyomtoa Bi Kanga ikawa sasa ndiyo inayomwingiza.

Jirani yake mpya, Mnana, kijana aliyeanza kusuka vifuniko vya midomo wakati gonjwa likiwa bado kali na kupata riziki yake humo, akamfuata jikoni kwa Kiboko, maana fomu ilikuwa na kurasa nyingi naye hakuzielewa. "Shangazi," akasema, "wasema wewe ndiwe unayezijua karatasi za Korongo." Bi Kanga akaosha magamba mikononi, akakaa naye jioni tatu, akampangia stakabadhi, akamwonyesha mahali pa kuandika mapato na mahali pa kutia sahihi, kisha akamsindikiza hadi dirishani. Mnana akapita. Akaandikiwa pishi 5, akaruka juu akalia kwa furaha, na Bi Kanga akamkumbatia.

Korongo akamtambua. "Bibi," akasema, na nasikia sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli, "umekuja wakati wake. Mwezi wa sita wa mwaka wa 19, sivyo? Sasa unastahili. Nipe karatasi."

Bi Kanga akafungua kopo, akampa.

"Na kibanda kipo wapi kwa sasa?"

"Kimefungwa, Bwana Karani. Tangu mwanzo wa mwaka."

Korongo akainamisha shingo. Sharti la kuwa hai lilikuwa limebaki palepale, katika mstari wa mwisho, kwa wino uleule.

Mwezi ulipoisha, baraza likakaa kupokea hesabu ya maghala, na kwa desturi ya nchi ile raia huruhusiwa kusimama nyuma ya ukumbi. Korongo akasoma waliopewa, mtaa kwa mtaa, na idadi ilikuwa kubwa kiasi cha kuwafanya wajumbe watikise vichwa kwa kuridhika. Bundi akaomba nafasi. Akauliza swali moja tu: ni vibanda vingapi vilivyofungwa kati ya tarehe ya kwanza na tarehe ya pili, vikiwa vimeomba na kukataliwa kwa sababu ya siku ya kuzaliwa kwao?

Korongo akafungua daftari, akalifunga. "Daftari hili huandika waliopita dirishani," akasema. "Waliorudishwa hawakupewa namba."

Mwenyekiti akasema kwamba basi jambo hilo halina takwimu, na kwamba baraza litaendelea na ajenda inayofuata, ambayo ilikuwa ukarabati wa daraja. Bundi hakuketi. Akageuka kuelekea nyuma ya ukumbi, na mwenyekiti, asiyetaka kuonekana ameogopa uchuro, akatazama alikotazama. Bi Kanga alikuwa amesimama na aproni ya jikoni ya Kiboko, ubawa mmoja juu, wa pili umekumbatia kopo.

"Raia ana la kusema?" akauliza mwenyekiti.

"Ninayo takwimu," akasema Bi Kanga. Akatembea hadi mbele, akaliweka kopo juu ya meza ya karani, akatoa karatasi ya kufungia vitumbua iliyokuwa imejaa maandishi pande zote mbili. "Hii ni ya mtaa wangu peke yake, na wenzangu wa mitaa mingine wako nje mlangoni na zao. Bwana Karani, chukua kalamu. Wa kwanza ni Ngedere, kinyozi, alifungua mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa 19, alikuwa na viti viwili na mwanafunzi mmoja. Wa pili ni Kindi..."